Betri za Redio na Dawa ya Melkizedeki

Betri za redio yangu nilikuwa nimezianika juu ya bati zipate nguvu, ili jioni nisikilize matangazo ya vifo. Niliporudi kutoka shambani nilimkuta binti yangu Beatha, aliyekuja likizo hapa Vudee kutoka chuo kikuu, amezipasua zote. Alitaka vijiti vyeusi vya ndani, ati vya kupimia dawa.

"Huna adabu!"

"Mama, nikivipaka udongo huu laini, udongo unanasa dawa na kijiti kinapitisha umeme. Dawa ikiwemo, mshale wa mita hii ya kupimia umeme unapanda."

"Na umeme wenyewe utatoka wapi?"

Beatha akatazama mita, akatazama maganda ya betri. Nilicheka mpaka kilemba kikanidondoka. Kisha nikamtolea betri mbili mpya nilizozificha ndani ya debe la mahindi, zikingoja Krismasi.

Akayeyusha kidonge cha homa cha zahanati, mshale ukaruka. Akayeyusha kile nilichonunua kwa Melkizedeki, mwenye duka jipya la dawa kule Same. Mshale ukalala. Akarudia, ukalala tena. Siku hizi kila mtu ameruhusiwa kuuza kila kitu, hata vidonge vya chokaa!

Kesho yake nilishuka Same, nikafoka pale dukani juu ya kidonge chake na betri zangu zilizopasuliwa, mpaka watu wa stendi wakajaa.

Jumapili Melkizedeki akapanda Vudee na betri nne mpya za kuniomba radhi. Nilimkaribisha chai, lakini betri zake nikampa Beatha kwanza, azipime.