Kioo cha Kulia

Breki alikuwa ameingia chini ya meza mara nyingi hata magoti yakaanza kulalamika. Jina hilo alipewa na wanafunzi wake, maana alikuwa mwalimu wa udereva, na neno lililomtoka zaidi kinywani ni hilo, likifuatiwa na kulia na kushoto. Leo hakwenda kazini. Alikuwa akiunganisha kompyuta ya mke wake, na mikono haikumtulia hata kidogo.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kichekesho, kijisanduku kisichozidi kopo la biskuti, na vioo viwili vipana vikikitegemea. Mke wake alikuwa mfasiri; alitaka maandishi ya watu upande mmoja na ya kwake upande wa pili. Kazi mpya ingeanza mchana huohuo, ila hilo silo lililomkosesha Breki raha. Chumba kilikuwa cha mama mkwe wake, na tangu azikwe, mke wake hakuwa amekanyaga humo. Wala hakuwa ametoa chozi. Alipika, akafua, akacheka panapochekesha, na mlango ule akaupita kama mlango wa jirani. Breki akajisemea moyoni: nikimtengenezea meza ya kuvutia, ataingia mwenyewe. Alichoogopa ni kwamba asipoingia leo, hataingia tena.

Basi akahangaika. Akachomeka kibodi, akaichomoa. Akafuta vioo visivyo na vumbi. Kiti cha marehemu, chenye mto uliobonyea katikati, akakitoa, akakirudisha, akakitoa tena, mwishowe akakirudisha na kukiacha.

"Bado tu?" Mke wake alikuwa amesimama kizingitini, kikombe cha chai mkononi.

"Tayari! Ingia uketi."

"Nitaona hapahapa. Washa."

Akawasha. Kioo kimoja kikang'aa, cha pili kikanuna. Akazama chini ya meza, akakuta waya umeingia nusu, akausukuma. Cha pili nacho kikawaka. Akasogeza kipanya: mshale ukaenda kulia, ukakwama ukingoni. Alipousukuma kushoto, ukaibukia kioo cha kulia.

"Umevipanga kinyumenyume," mke wake akasema. "Na wewe ndiye unayefundisha watu njia!"

"Huu mshale haujasomea alama za barabarani."

Mke akacheka. Breki akachomoa waya wa kioo kimoja, akarudi chini kutafuta pa kuuhamishia. Akiwa kule aliona miguu tu. Mguu mmoja ukavuka kizingiti. Wa pili ukaufuata. Breki alitamani kupiga vigelegele, akaung'ata ulimi. Kiti kikalia.

"Baba watoto."

"Naam."

"Nataka kulia."

"Hilo tu? Sasa hivi." Mkono wake ukatoka chini ya meza, ukakisogeza kioo kulia. "Hapo?"

"Nimesema nataka kulia."

"Haya, haya, usijali." Akasukuma tena mpaka kioo kikagonga ukuta. "Mama watoto, kulia kumekwisha. Huku ni ukutani."

Akajitoa uvunguni, akagonga kichwa, akainuka akikisugua. Kioo alichokichomoa kilikuwa cheusi, na ndani yake aliuona uso wa mke wake, machozi yakichuruzika hadi kidevuni. Ndipo alipoelewa, akaona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

"Lia, mke wangu," akasema.

"Kila jioni alikaa hapa kusikiliza geti, anisikie nikirudi kutoka kazini." Alikuwa ameushika ukingo wa mto kwa mikono miwili. "Leo ndiyo nafanya kazi nyumbani. Kutwa nzima nyumbani. Na yeye hayupo."

Akalia kwa sauti, kilio kilichokuwa kimekaa siku zote hizo kikimngoja humo chumbani. Breki akaketi sakafuni karibu na miguu yake, waya mkononi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakugusa kitu.