Nusu ya Jina

Kwenye uwanja wa Kerhalon jina la mchezaji husemwa na pande mbili. Soazig, ndani ya kibanda chake cha vioo, hutoa la kwanza kwenye kipaza sauti: "Ronan!" Kisha anaondoa mdomo, na Jukwaa la Bandari, watu elfu saba waliosimama, wanalirudisha la ukoo: "PRIGENT!" Mabati yanatetemeka. Ni hivyo kwa wachezaji wote kumi na mmoja, kila mechi ya nyumbani, iwe wamekuja Paris au Marseille au timu isiyojulikana hata kwao.

Wiki nzima Soazig ni muuza dawa wa Mtaa wa Soko, mwanamke wa miaka hamsini na ushei anayewauliza wazee kama wamekula kabla ya kumeza vidonge. Siku ya mechi anaita, na watu elfu saba wanamwitikia. Alishalizoea jambo hilo kama mtu anavyozoea sukari kwenye chai.

Jumapili ile Tangi alipanda ngazi za kibanda akiwa na soseji mbili za moto, kila moja imeviringishwa kwenye chapati ya ngano nyeusi. Tangi ndiye kiongozi wa jukwaa. Husimama juu ya uzio dakika zote tisini akiupa uwanja mgongo na kuongoza nyimbo, hivi kwamba msimu mzima hajaona bao hata moja kwa macho yake.

"Kula, Mama Soazig. Leo utahitaji nguvu."

"Wewe ukiniletea chakula, una neno. Litoe."

"Ewen hatumjibu."

Soazig akaiweka soseji mezani. "Kwa sababu mpira ulimponyoka? Tangi, mpira wenyewe ulikuwa umelowa chapachapa!"

"Mpira humponyoka yeyote. Kipa asiyefungwa ni wa kuchorwa ukutani." Akamega chapati yake. "Lakini Plouvenez, jirani zetu, wametupiga matatu, kwao, mbele ya shangazi zao wote. Wenzake wakaja kwenye uzio kama inavyopasa. Wakainamisha vichwa, nikawapa vidonge vyao, wakameza. Yeye? Moja kwa moja chumbani. Angekuwa mgeni wa kukodiwa msimu mmoja ningesema hajui desturi. Mtoto wa hapahapa, Mama! Mtoto wa Annaïg!"

Annaïg, mama yake kipa, alikuwa rafiki wa Soazig tangu wakiwa wasichana. Jumatatu alikuja kuchukua dawa yake ya presha akamweleza yote.

"Alikuwa analia," Soazig akasema. "Mama yake ameniambia. Hakutaka mumwone."

"Na sisi tulilia. Tulilia hadharani, kamera zimetukodolea." Tangi alifuta haradali kwenye ndevu. "Hatutamtukana wala kumpigia miluzi. Utamwita, tutanyamaza, basi. Ninachokuomba, usimwokoe. Usilimalizie jina wewe."

"Na nikilimalizia?"

"Aa, hiyo ni hiari yako. Lakini watu wana vichwa vibovu, Mama. Mechi ijayo wanaweza kusahau kukujibu hata wewe." Akacheka, akampiga bega. "Nakutania! Kula, inapoa."

Hapo ndipo pa kusema hapana. Soazig alikuwa na maneno, na ulimi wake haujawahi kumwangusha mbele ya watu elfu saba, sembuse mmoja mwenye haradali ndevuni. Akaing'ata soseji, akatafuna, akasema:

"Haradali imezidi."

Tangi akashuka ngazi akipiga mbinja.

Soazig akajiambia ataamua papo hapo. Atamwita, atavuta pumzi moja, na wakinyamaza atalimalizia mwenyewe, polepole, kama mtu aliyesahau desturi. Nani atamfunga? Alijiambia hivyo timu zikipasha misuli, akajiambia tena wimbo wa klabu ulipokwisha na kikosi kikaingia.

Kipa huitwa wa kwanza. Kule golini Ewen alikuwa na mtindo wake: akisikia jina lake huinua mkono wa kulia, glavu imekunjuliwa, na jukwaa likijibu huupiga mwamba wa juu. Watoto wote wa Kerhalon humwiga.

"Namba moja!" Soazig akasema. "Eweeen!"

Akaondoa mdomo.

Uwanja mzima ukawa kimya. Zilisikika kamba za bendera zikigonga milingoti, akasikika na shakwe juu ya paa. Kisha kutoka kona ya wageni mtu akapaza sauti, "Hana ukoo! Yatima huyo!" na kona nzima ikaangua kicheko.

Ewen alikuwa bado ameinua mkono.

Kerbrat. Jina lilikuwa limeshafika kinywani mwa Soazig, herufi ya kwanza imegusa kaakaa. Angelitoa kwa pumzi ndogo tu. Lakini macho yake hayakwenda golini kwa Ewen. Yalikwenda kwenye uzio, kwa Tangi, aliyekuwa ameligeukia jukwaa huku amenyanyua kiganja kuwazuia watu wake. Tangi akageuza shingo, akakitazama kibanda.

"Namba mbili!" Soazig akasema. "Ronan!"

"PRIGENT!" Haijawahi kutoka kwa nguvu vile. Ilimpiga kifuani kupitia vioo, na kwa nukta moja, Mungu amsamehe, aliuona utamu wake.

Kule golini Ewen aliushusha mkono taratibu. Akajikuna kichwa kwa glavu, kama kwamba aliuinua kwa ajili hiyo.

Soazig aliyamaliza majina mengine tisa na yakajibiwa yote. Kisha akazima kipaza sauti, akakaa na uso unaowaka kama aliyechapwa kofi. Soseji ilikuwa pale mezani, mafuta yameganda. Akaisukuma ndani ya pipa la taka.

Kerhalon walipata bao kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili krosi ikaja, Ewen akaruka, mshambuliaji wa wageni naye akaruka, wakaanguka pamoja. Mwenzake aliinuka. Ewen akabaki amepiga magoti, ameukumbatia mkono wa kulia. Daktari akaingia, akautazama, akaliashiria benchi.

Kutangaza mabadiliko ni kazi ya Soazig. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe Ewen alipoanza kutembea kuelekea nje. Akakishikilia pale. Ewen akavuka mstari, akapita benchi, akainamisha kichwa chini ya mlango. Mgongo wake ulipotoweka ndipo Soazig alipobonyeza.

"Anatoka, namba moja: Ewen Kerbrat!"

Alilisema zima, kwa nguvu, hata sauti ikapasuka katikati. Miluzi ikaanza upande mmoja wa jukwaa, ikaenea. Tangi hakupiga mluzi. Alitikisa kichwa tu, kama mzazi. Nusu saa nzima Soazig aliihesabu ile miluzi kuwa malipo yake, mpaka akakumbuka kile kidole kilivyosubiri. Alijua kilikuwa kinasubiri nini.

Mechi iliisha kwa bao lile moja. Akashuka kwenye ujia wa vyumba vya wachezaji. Bwana Jaouen, mkurugenzi wa klabu, alimkamata mkono njiani.

"Bi Soazig! Pale mwanzo ulipita kama siagi kwenye kikaango. Niliogopa vurugu. Ile ndiyo busara."

"Asante," Soazig akasema. Naam, alishukuru.

Ewen alitoka wa mwisho, mkono umefungwa bandeji hadi kiwiko. Alipomwona akasimama.

"Shangazi."

"Ewen. Nilitaka kukwambia... pale mwanzo, kipaza sauti kilikata."

Uongo ulikuwa umeshatoka. Kijana alimtazama, kisha akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anayemshikia mlango mzee.

"Kilikata," akasema. "Hutokea."

Heri angemtukana.

"Hakikukata," Soazig akasema.

"Najua, Shangazi. Ronan ulimwita hapohapo."

"Lakini ulipotoka nililisema lote. Hukusikia, ulikuwa umeshaingia..."

"Nilisikia. Humu ndani kuna spika." Aliuweka vizuri mkono wake mgonjwa. "Mtu akitolewa ameumia, hata adui humpigia makofi."

Soazig akaitazama ile bandeji.

"Sikuwakasirikia wale," Ewen akasema. "Tangi alikuja mazoezini Ijumaa, akaniambia usoni: Jumapili hatutakujibu. Nikamwambia sawa. Nilijua watanyamaza. Ule mkono niliuacha juu nikikungoja wewe."

Mhudumu alipita na toroli la jezi chafu, wakasogea ukutani kumpisha.

"Watajibu tena," Soazig akasema. "Ukirudi, wiki mbili tatu, watakuwa wamesahau. Unawajua."

"Wajibu, wasijibu. Nikirudi usiniite nusu. Nisome lote kwa mkupuo mmoja, kama unavyowasoma wageni. Na usisubiri chochote."

"Ewen, wewe ni wa hapa."

"Ndiyo, Shangazi." Akainama akambusu mashavu yote mawili, kama alivyofundishwa nyumbani, akaenda zake.

Soazig akapanda kibandani kuchukua koti. Jukwaa lilikuwa tupu, wafagiaji wameanza na safu za juu. Chini kabisa ya kibanda, kwenye viti vya familia, Annaïg alikuwa bado ameketi na skafu ya klabu magotini, akingoja. Pengine alimngojea mwanawe. Lakini wachezaji hutokea mlango wa nyuma, na hilo Annaïg alilijua kuliko yeyote. Akageuka, akainua macho kwenye vioo.

Soazig akanyoosha mkono, akazima taa. Akasimama gizani na koti lake mkononi, ameubana mgongo ukutani, akisikiliza mafagio.