Vidole Visivyofika Breki

Mfamasia mmoja walimwita Nukta kwa ufupi wake, na jina lilimkaa. Dukani kwake alihudumia wateja akiwa amesimama juu ya kigoda, na mgeni aliyemwona akishuka alidhani amedondoka. Hilo halikumuudhi. Kilichomuudhi ni mteremko.

Kila Jumapili yeye na mumewe, mwalimu wa udereva, waliendesha baiskeli za mbio pamoja na wenzao. Kwenye kupanda mlima, Nukta aliwaacha wengi wakihema. Ila kileleni alishuka, akaikokota baiskeli hadi chini, na mumewe naye akashuka, akatembea kando yake. Wenzao walimsifu mume mpaka akaona haya. Nukta walimwita mwoga, kwa mapenzi tu. Ilimuuma, na baada ya miaka mingi akaamini.

Akaamua kutafuta baiskeli inayomtosha. Duka la kwanza walishusha kiti mpaka kikagota kwenye fremu, wakasema tayari. La pili wakamletea ya mtoto, yenye kengele na kikapu cha rangi ya waridi.

"Mke wangu, jamani," alisema mumewe, "kwani kutembea kuna ubaya gani?"

Duka la tatu muuzaji alikuwa mama mmoja asiyecheka. Alimpima miguu, akampima mikono, kisha akamwambia afinye breki za baiskeli yake ya zamani. Ncha za vidole ziligusa tu.

"Nani kakwambia wewe mwoga?"

"Watu wote."

"Mwanangu, huogopi. Vidole havifiki."

Nukta alilia palepale, katikati ya matairi. Yule mama alimsubiri amalize, akamtolea baiskeli yenye fremu fupi na magurudumu madogo, akazisogeza breki karibu na usukani.

Jumapili iliyofuata, kileleni, wenzao walitangulia, wakapotelea kwenye kona ya chini. Safari hii Nukta hakushuka kitini. Upepo ulimjaa masikioni, breki zikamtii, akapiga kelele za furaha ambazo mfamasia hatarajiwi kuzipiga. Karibu na kona akasimama. Wahenga walisema aliye juu mngojee chini. Akangoja. Akangoja sana.

Mumewe alitokea akitembea, ameikumbatia baiskeli, uso umemshuka. Nukta akapanda tena kumfuata.

"Breki zangu..." alianza mume.

Nukta akazifinya. Zilikuwa nzima kabisa.

"Kumbe unaogopa! Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Nikitazama chini, naona naanguka."

Nukta alikasirika, nusura amsukume. Miaka yote hiyo kaubeba uoga wa mtu mwingine! Lakini mume alikuwa bado ameikumbatia baiskeli, na alikuwa mumewe. Akashuka, wakatembea pamoja.

Nyuma ya kona wenzao walikuwa wanakunywa maji.

"Nukta! Na baiskeli mpya bado unaogopa?"

Mumewe akatazama viatu vyake.

"Bado," alisema Nukta. Kisha akamwinamisha mumewe kwa kola, akamnong'oneza, "Leo nimekusitiri, mume wangu. Jumapili ijayo mwoga ni wewe."