Meza ya Mwaka wa Tatu

Mwana wa mkate, sanamu ya marehemu inayookwa siku ya kuwakaribisha wafu, alipasuka uso ndani ya tanuri, na Basilia Condori akajua siku hiyo haitaisha salama. Aliuziba ufa kwa unga mbichi, akamchora upya macho na mdomo, akamlaza mezani kati ya ngazi ya mkate na farasi wa mkate. Roho hushuka kwa ngazi, huondoka kwa farasi. Kila mtoto wa uwanda huu wa juu analijua hilo.

Meza ilikuwa ya Eusebio, mwanawe wa pekee, aliyepelekwa kupigana na Waparaguai kwenye nyika isiyo na maji. Vita vilipokwisha, kiongozi wa kijiji alirudi kutoka La Paz na neno moja tu: kijana amefia mikononi mwa adui, akiwa mateka. Kaburi liko wapi, alizikwa au alitupwa, hakuna aliyejua. Na roho ya mtu asiyejulikana alipolazwa haijui pa kuanzia safari. Miaka miwili Basilia aliandika meza, na miaka miwili gilasi ya maji haikupungua hata tone. Huu ulikuwa mwaka wa tatu, na wa mwisho. Roho isiyofika mwaka wa tatu haiitwi tena. Itatangatanga mpaka dunia iishe.

"Shemeji, acha kumkodolea macho huyo mwana wa mkate," alisema Wenceslao, ndugu wa marehemu mumewe, aliyekuwa akiongoza sala. "Ukizidi atakuomba chai."

"Amepasuka, Wenceslao."

"Moto wako mkali kama ulimi wako. Watu wanasubiri, tuanze."

Alitania, lakini mkono wake ulikuwa umeshika rozari kwa nguvu.

Saa sita mchana, saa ya roho kushuka, kengele ya kanisa ililia. Mbwa wakanyamaza wote kwa pamoja. Mlangoni alikuwa amesimama mtu.

Alivaa koti la jeshi, kofia imemfunika macho, ndevu zimemjaa, vumbi jeupe la jangwa la chumvi toka kichwani hadi miguuni. Shingoni alikuwa na skafu nyekundu yenye mstari wa kijani uliopinda. Basilia ndiye aliyeufuma mstari ule kwa haraka, siku Eusebio alipoitwa jeshini.

Watu walijipenyeza nje mmoja mmoja, migongo ukutani. Uso wa roho hautazamwi. Na roho ikisema haijibiwi, maana anayeijibu huandamana nayo.

Yule mtu akaketi, akala. Alikula viazi, akala simbilisi wa kuchoma, akanywa maji yote. Basilia alisimama pembeni, macho chini, akilia kwa furaha. Mwanawe amefika! Lakini vinyweleo vilimsimama, kwa sababu alisikia pumzi ikikoroma katika kile kifua.

"Mama Basilia," sauti iliyokauka ikasema. "Sikiliza, mama. Pale tulipokuwa..."

Basilia akaziba masikio. Aliyaziba kwa viganja viwili, akasali kwa sauti kubwa. Kwa pembe ya jicho aliona midomo ya yule mtu ikiendelea kucheza kwa muda mrefu, kisha ikatulia. Akajilaza palepale sakafuni, na hakuna aliyeingia tena chumbani mle hadi kesho yake.

Saa ya roho kuondoka, Wenceslao alikuja na kombeo, watu wamejipanga nyuma yake.

"Umekula, umekunywa, mwanangu," alisema bila kumtazama. "Nenda salama. Usimchukue mtu."

Akazungusha kombeo, likalia hewani kama mjeledi. Yule mtu akainua mikono yote miwili juu. Alitoka akachechemea kuelekea njia ya mlimani, mikono juu vilevile, kama aliyezoea kuswagwa. Huko mlimani wingu la theluji lilikuwa limeshakaa.

"Wenceslao," alisema Basilia. "Roho inainua mikono?"

Wenceslao aligeuka kando. Alikuwa akilikunja kombeo, na halikunjiki.

Basilia aliingia kuondoa vyombo. Roho hunywa maji, lakini chakula hula harufu tu, hukiacha. Sahani ilikuwa na mifupa mitupu, imetafunwa hadi nchani. Chini ya farasi wa mkate palikuwa na kitambaa kilichofungwa fundo. Alipokifungua, udongo mwekundu ulimwagika mezani, na ndani yake medali ya Bikira aliyomvisha Eusebio shingoni siku ya kuagana. Uwanda wetu hauna udongo mwekundu; huu ulitoka kaburini kwa Eusebio. Ndipo alipokumbuka kwamba Eusebio hakuwahi hata siku moja kumwita mama yake kwa jina.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu, mateka mwenzake Eusebio, alikuja na dawa yenyewe, akiwa hai, kwa miguu kutoka Paraguai, na mwenyeji akaziba masikio.

Basilia alipanda mlima akiita mpaka sauti ikamkauka. Theluji haikumwonyesha hata unyayo. Wachungaji wa llama walimkuta mgeni asubuhi, ameketi nyuma ya jiwe, amekufa, skafu ameizungushia mdomoni. Hakuna aliyelijua jina lake.

Mwaka uliofuata Basilia aliandika meza tena. Kijiji kilinung'unika kwamba miaka mitatu ya Eusebio imekwisha, lakini yeye hakumjali mtu. Alioka mwana wa mkate mmoja, akaweka gilasi ya maji, akaketi mlangoni.

"Wewe uliyemzika mwanangu," aliita kengele ilipolia, maana jina la kumwitia hakuwa nalo. "Njoo, baba. Safari hii sizibi masikio."

Maji hayakupungua.