Unga wa Papai Bichi

Mie Shaheen sina kawaida ya kuomba radhi, na sitaanza leo kwa Editha. Mwanamke huyo ana meza ya mishkaki ng'ambo ya barabara yetu hapa Kinondoni, hatua ishirini kutoka kibarazani kwangu, na miaka tisa ananinyemelea siri yangu kama paka wa buchani. Mishkaki yangu inayeyuka mdomoni. Yake unatafuna mpaka taya linauma, na bado ana uso wa kuwaita wateja wangu: "Braza, njoo huku kuna nafasi!" Hana haya hata kidogo.

Siri yenyewe ni unga. Papai bichi, na maganda yake na utomvu wake mweupe, nalikata vipande vyembamba, naanika juani siku tatu, kisha linasagwa mpaka liwe laini kama poda. Kijiko kimoja kwa kilo ya nyama, basi. Alinifundisha mama mkwe wangu, akaniapisha nisimwambie mtu wa nje. Mwanangu Aun alipooa, nami nikamwapisha mkwe wangu Shamshad vilevile, hina bado haijafutika mikononi.

Kazi ya kusaga nikamwachia yeye. Kila Alhamisi asubuhi anaingia stoo na mashine, anafunga mlango, anafunga na madirisha, maana Editha ana macho na ana pua. Na mwaka uleule kikohozi changu cha siku nyingi kikapona, wala sikunywa dawa. Nikawatangazia watu kwamba mkwe wangu ana nyota njema, kaniletea afya nyumbani.

Afya gani! Haukuisha mwaka, akaanza yeye. Kwanza chafya, halafu macho mekundu, halafu kifua. Alhamisi mchana unamkuta kakaa kitandani anahema, kifua kinapiga miluzi. Nikampa tangawizi, nikampa asali, nikamsugua mafuta ya karafuu. Ikifika Jumatatu yuko mzima anacheka na simu yake. Alhamisi tena, kifua! Jamani, ugonjwa gani huu unaojua siku ya kazi?

Akaenda kwao Tanga wiki mbili. Nikampigia mama yake nikamuuliza kama mtoto anakohoa. "Hata kidogo, Mama Aun, anakula, analala vizuri." Nilikata simu kwa hasira. Kumbe! Kwao mapafu mazima, kwangu ndiyo yanaharibika. Aliporudi nikamwambia mbele ya mumewe, "Shamshad, mie si mtoto. Kama kazi huitaki, sema huitaki." Aun akainama anatazama viatu vyake, mwanaume mzima. Shamshad akajibu tu, "Nitasaga, mama."

Alhamisi hiyo papai la wiki tatu lilikuwa linamsubiri. Aun alikwishaondoka kwenda kazini Kinyerezi. Mie niko kibarazani nakata nyama, nikasikia mashine inanguruma bila kukoma. Nikaenda kumgombeza kwamba ataiunguza. Nafungua mlango, namkuta chini, kaegemea gunia, midomo imebadilika rangi, unga umemkaa mpaka kwenye kope. Anavuta hewa na hewa haiingii.

Nilimkokota mpaka nje ya mlango, nikapiga ukelele. Wa kwanza kufika alikuwa Editha, na aproni yake ya mafuta. Sasa sikilizeni nilichokifanya, maana sitaki kujisafisha: kabla sijamshika mkwe wangu miguu, niliuvuta mlango wa stoo nikaufunga, Editha asione kilichomo. Yeye hata hakutazama. Alimbeba Shamshad begani, akasimamisha bajaji, akanifokea nipande.

Zahanati tulipokewa na daktari msichana, jina lake Hope. "Shikamoo mama," huku mikono yake tayari inamvalisha Shamshad barakoa ya dawa ya mvuke. "Alikuwa anafanya nini?"

"Anasaga."

"Anasaga nini?"

Editha kasimama palepale kwenye pazia, masikio wazi. Nikasema, "Viungo. Binzari, pilipili."

Daktari akamgeukia mgonjwa. "Dada, ni viungo tu?" Shamshad akanitazama. Nami nikamkazia macho. "Viungo," akasema, na pumzi ikamkatika hapohapo.

Dawa ikamtuliza kidogo, kisha kifua kikabana upya, kibaya kuliko mwanzo. Daktari akashika mtandio wake, ukatoa vumbi. "Mama, binzari ina rangi na pilipili ina harufu. Vumbi hili halina hata kimoja. Kitu hiki bado anakivuta kutoka kwenye nguo zake. Ni nini?" Shamshad alikuwa bado ananitazama, machozi yanamtoka, na ndipo nilipoelewa yale macho. Alikuwa ananiomba ruhusa. Kisha yakafumba, akazimia.

"Papai!" nilipayuka, zahanati nzima ikageuka. "Papai bichi na utomvu wake, limekaushwa, limesagwa!"

Wakamvua nguo zile, wakamwosha uso na nywele, wakamchoma sindano, wakamrudishia mvuke. Kifua kikaanza kupanda na kushuka kama cha mtu. Nikasikia Editha anaguna nyuma yangu.

"Papai? Mama Aun, papai ndiyo siri? Si kila mtu anatia papai! Mie nalitwanga bichi, linakuwa uji, halina vumbi. Nyama yako laini kwa sababu unanunua steki, mwenzio nanunua mapande ya shingo. Mficha maradhi, we mama!"

Ningemrarua.

Daktari akanivuta kando. "Ndani ya papai mna kimeng'enya, kazi yake kukatakata nyama. Hakijui hii ya ng'ombe na hii ya mtu. Akivuta unga, kinakwenda kukata vishikizo vya ule utando laini wa njia ya hewa. Ukuta ukitoboka, askari wa mwili wanakurupuka, wanavimbisha njia, wanamwaga ute, mwenyewe ndiye anayekabwa. Na wakishamjua adui hawasahau, mama. Mwili wake umeshauwekea huo unga kinyongo. Siku nyingine chembe tu inaweza kumuua." Akanitazama sana. "Kabla yake alikuwa anasaga nani?"

"Mie."

"Ulikuwa unakohoa?"

Nikakitazama kiatu changu, kama mwanangu. Miaka mingapi nimekohoa kwenye stoo ile, nikapona siku nilipompa yeye mashine, na nikaiita nyota njema! Nilimjibu daktari ndiyo, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuitumia mbele ya Editha.

Jioni wakamtoa barakoa. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nimepanga maneno yangu yote, la kwanza likiwa radhi. Shamshad akanishika mkono kabla sijafungua mdomo. Alikuwa na hofu usoni.

"Mama," akasema, "si mie niliyewaambia."