Rimoti ya Orest

Orest Bilinski aliponunua pikapu yake ile nyekundu, aligombana na mkewe Verna juma zima kuhusu rimoti. Gari haikuwa na kifaa cha kuiwasha kutoka mbali, na sisi wa Dauphin, mji wa barafu huku kaskazini, Januari mtu akikalia kiti cha gari iliyolala nje usiku kucha huinuka nacho kikiwa kimemng'ang'ania.

Verna alitaka waende kwa wauzaji wa gari wafungiwe ya kiwandani.

"Wao ndio walioiunda gari. Ikiharibika, waranti ipo."

"Ya kiwandani inafika wapi?" Orest akauliza. "Mlangoni hadi uani! Hapo si bora nitoke na funguo zangu? Lyle atatufungia inayofika kilometa nzima, na kwa nusu ya bei."

Lyle ni mdogo wake Verna, fundi umeme wa magari, na ana karakana nyuma ya kinu cha nafaka.

"Lyle?" Verna akacheka kwa uchungu. "Huyo aliyenifungia taa za jikoni, sasa nikiwasha oveni kengele ya mlango inalia?"

Lakini Orest akishika jambo ni kupe. Lyle alifunga rimoti yake Jumamosi, na haki yake nimpe, aliifunga vizuri. Aliwapa mbili, moja ya Orest na moja ya Verna. Ukibonyeza, gari inawaka, kisha rimoti yenyewe inakujibu kwa milio miwili kwamba injini imeshika. Verna akaitupa yake kwenye droo ya vijiko.

Sasa, daktari alikuwa amemwambia Orest sukari imepanda: aache vitu vitamu, atembee. Basi kila asubuhi alimuaga mkewe, akisema anakwenda kuzunguka kwa miguu ndani ya ukumbi wa barafu, ule wa michezo ya kuteleza, ng'ambo ya mji, kama kilometa tatu hivi. Alitembea kweli: kutoka kwenye gari hadi kwenye meza yetu ya dirishani, katika duka la donati lililo mitaa minne tu kutoka kwake. Mimi nilikuwa hapo kila siku. Sikumsema. Niliyemaliza miaka thelathini na mmoja nikipeleka barua za watu najua kunyamaza.

Alhamisi moja baridi ilifika nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri. Tulikuwa watatu mezani: mimi, Orest na Lyle. Orest alikuwa na donati ya pili mkononi, ile yenye jemu, na pikapu imeegeshwa mbele yetu, imezima. Mara taa zake zikawaka, ikanguruma, ikaanza kutoa moshi mweupe.

"Umeiwasha?" nikamuuliza.

"Rimoti iko kwenye koti," akasema Orest, na koti lilikuwa limetundikwa ukutani.

Kabla hatujafumbua fumbo hilo, simu ya Lyle ikalia. Akaiweka mezani tusikie sote.

"Lyle, mdogo wangu, nisamehe!" Ilikuwa sauti ya Verna, imejaa furaha. "Nilimwonea huruma mzee wangu, nikasema akitoka kutembea akute gari ina joto. Nimebonyeza kwa kujaribu tu, na imejibu! Inafika mpaka ukumbi wa barafu! Na mimi nilikuwa nakudharau!"

Orest alimwonyesha Lyle vidole vitatu. Akavionyesha tena. Midomo yake ilisema bila sauti: tatu, shemeji, sema tatu!

Lyle akamtazama, akaitazama simu. Fundi mwingine angesema uongo, akapata sifa na shemeji akapona. Lakini Lyle huyu, kwa kazi ya mikono yake, hawezi kuongeza hata inchi.

"Dada," akasema polepole, "ile mwisho wake ni kilometa moja. Na kukiwa na nyumba katikati, hata nusu ni bahati."

Tukasikia droo ikifungwa, simu ikakatwa.

"Msaliti wewe!" Orest akafoka.

"Ulitaka niidanganyie kazi yangu? Kesho watu waje wanidai kilometa tatu?"

Dakika kumi na mbili baadaye Verna aliingia kwa miguu, kope zimeganda barafu. Alivuta kiti, akaichukua donati mkononi mwa mumewe, akaila yote, taratibu, huku anamtazama.

"Laiti ningekusikiliza, Verna," Orest akanong'ona. "Ya kiwandani isingefika hapa."

"Rimoti hii haing'oki," akasema Verna, anapangusa jemu. "Inuka. Gari imeshapata moto."

Alimpeleka ukumbini, akazunguka naye mara kumi, na tangu siku hiyo huenda pamoja. Orest hulalamika kwamba mkewe anatembea kama anafukuzwa, lakini Machi daktari alimpa mkono wa pongezi.

Lyle naye alifunga rimoti kumi na nne majira yale. Kumi na moja ziliagizwa na wake za watu, na kila mmoja aliuliza jambo moja tu: inajibu? Mke wangu alikuwa wa tatu kwenye foleni. Siku hizi natembea ukumbini, na kahawa naipeleka kwenye chupa.