Nesi Aliyeongea Sana

Gudveig Aune alianza kuoka vafle, vile vikeki bapa vya wageni, saa mbili asubuhi, na mgeni mwenyewe alikuwa wa saa tano. Ilipofika saa nne alishakuwa na rundo la kulisha harusi, na bado anaoka. Mgeni huyo alikuwa Ingunn, nesi mtafiti wa hospitali ya mkoa, anayezunguka nyumba kwa nyumba kuwauliza watu waliolazwa wodi ya mahututi, na jamaa zao, walipitia nini kule. Mama mpole, hana makuu. Gudveig hakumwogopa Ingunn hata kidogo. Aliogopa daftari ambalo angekuja nalo.

Hospitali za Norwe zina desturi yao hiyo. Mgonjwa akilazwa kwa dawa, hajui usiku wala mchana, manesi humwandikia daftari kila siku: leo umegeuzwa, leo alikuja fulani, leo theluji imeanguka hadi madirishani. Akishapona huletewa akasomewa, apate kuzijua siku zake zilizopotea. Jambo zuri, watu hutokwa na machozi. Ila kwa Gudveig lilikuwa balaa, kwa sababu katika siku kumi na moja alizopotea mumewe, yeye alikuwa ameropoka.

Mumewe, Oddleif, aliangushwa na nimonia mwezi wa pili, yeye aliyekuwa akisema homa ni uvivu wa watu wa mjini. Akatiwa mpira kooni, akafungwa kwenye mashine ya kupumulia, akalazwa kwa dawa. Gudveig akawekewa kiti kando ya kitanda, na nesi mmoja mwenye tabasamu la kudumu akamwambia, "Ongea naye, mama. Wengine wanasikia."

"Nimwambie nini?"

"Chochote tu. Mnayoongeaga nyumbani."

Hapo sasa! Nyumbani kwao waliongea nini? Mmoja anasema "Kahawa?" mwingine anajibu "Tayari." Mmoja anasema "Mvua," mwingine anasema "Naam." Wamekwenda hivyo miaka thelathini na minane, na pale kijijini Brekkvika watu waliwaona wana ndoa ya raha mustarehe.

Siku ya kwanza Gudveig akamwambia hali ya hewa. Siku ya pili akamwambia habari za kondoo dume wa jirani. Siku ya tatu akiba ikaisha, lakini kila nesi akipita anamwambia, "Vizuri mama, endelea hivyohivyo," na aibu ya kunyamaza mbele ya watu wenye elimu ikamfanya aendelee. Kilichobaki ndani kilikuwa ukweli mtupu. Basi akautoa. Akamwambia kwamba kile kibanda chao cha milimani, wanakokwenda kila Pasaka, hakukipenda hata siku moja. Akamwambia kwamba yeye Oddleif akishatoka kwenda kuwinda, mkewe hufunga mlango akacheza dansi peke yake sebuleni. Akamkumbusha siku mama yake Gudveig alipofariki: Oddleif alimgusa bega mara moja, akatoka kwenda kubadili matairi ya theluji. Na siku ya tisa, jamani, siku ya tisa akatoboa lenyewe. Amepata nyumba ya vyumba viwili mjini. Alikuwa anahama tarehe mosi mwezi wa tatu. Alikuwa amwambie wiki ileile mumewe alipougua, na maneno alishayaandika kwenye karatasi.

Sasa Oddleif amerudi, amekonda, amenyamaza vilevile, na Gudveig hajui tena anataka nini. Alijua kimoja tu: hakutaka mume wake asomewe habari ile na mtu wa nje, mezani, kwenye daftari la serikali. Kama ni kumwambia, angemwambia mwenyewe siku ikifika. Wiki tisa zimepita, siku haijafika.

Ingunn akaja na fomu zake na kinasa sauti chake, akala vafle mbili kwa jibini ya kahawia, akaeleza utaratibu. Kila mtu angehojiwa peke yake, ili awe huru, kisha wasome daftari pamoja. Akaanza na Gudveig. Oddleif akapelekwa chumba cha pili kama mtoto.

"Ulijisikiaje siku zile?" Ingunn akauliza.

"Hakuna la kulalamika," Gudveig akajibu. "Kahawa yenu ilikuwa nzuri."

Ingunn akaandika. Mtu huyu alikuwa amehoji familia arobaini na mbili, na thelathini kati ya hizo zilimsifia kahawa. Akauliza hivi na vile, akapata hivi na vile. Mwishoni Gudveig akakohoa.

"Hilo daftari. Mnaandika na maneno ya watu? Yale mtu anayomwambia mgonjwa wake?"

"Aa, hapana! Maneno ya mtu na mgonjwa wake hatuyaandiki. Tunaandika tu kwamba ulikuja ukakaa naye."

Loo! Pumzi aliyoishusha Gudveig ingezima mishumaa ya keki ya mtu wa miaka mia. Wiki tisa za kujitesa, kumbe bure. Akainuka mwepesi, akamwita mumewe, akaingia jikoni kuoka vafle zisizohitajika na mtu. Mlango akaurudishia, ila hakuufunga.

Oddleif akakaa. Naye hakuwa na la kulalamika. Chakula sawa, manesi sawa, kitanda sawa. Ingunn akauliza kama anakumbuka chochote cha zile siku za dawa, maana wengi huota ndoto za ajabu. Oddleif akazungusha kikombe chake, akakiweka.

"Kuna yule nesi," Oddleif akasema.

"Nesi gani?"

"Yule muongeaji. Siku nzima yuko kwenye simu anamchamba mumewe. Silalamiki! Mimi nilimpenda."

Jikoni, kijiko cha unga kikasimama hewani.

"Alikuwa anasema nini?" Ingunn akauliza, amesogea mbele.

Na Oddleif, mtu wa "mvua" na "naam", akafunguka kama bomba lililopasuka. Alisema hajapata kumsikia mwanamke mwenye akili na uchungu kama yule. Alikuwa anaelea gizani, hajui yu hai au amekufa, na kitu pekee alichoshika ni ile sauti. Ikinyamaza, anazama. Ikianza, anarudi. "Nami nikawa narudi kwa ajili ya kusikia mwisho wake. Huyo mumewe sasa, dada yangu! Mama wa mtu amekufa, jamaa anakwenda kubadili matairi. Matairi! Hebu niambie, huyo ni mtu? Nilikuwa nataka kumwambia: mwache, mama, hama leoleo, huyo hakufai. Lakini nina mpira kooni, ningesema nini."

"Na unaona sauti hiyo haikuwa ya mkeo?" Ingunn akauliza polepole. "Yeye alikuwa anakaa nawe kila siku."

"Gudveig?" Oddleif akacheka kidogo. "Sauti zinafanana fanana. Ila Gudveig si mtu wa maneno." Akainamisha kichwa. "Mtafute yule nesi, tafadhali. Alikuwa amepata nyumba mjini, anakabidhiwa ufunguo, hajui auchukue au auache. Mara wakanitoa mpira, asirudi tena. Nataka kujua aliuchukua?"

Gudveig alisimama pale jikoni akiwa amesalimika. Aliyejua siri hakujua ni siri ya nani. Angekaa kimya dakika mbili tu, mambo yangekwisha, na nesi wa watu angebeba msalaba wote. Kukaa kimya si ndiyo kazi aliyoijua kuliko zote? Lakini kilichompanda kifuani hakikuwa hofu tena. Kilikuwa wivu, wivu mkavu wa mtu mzima wa miaka sitini na saba, na ukamsukuma mlangoni na kijiko mkononi kinadondosha unga.

"Nesi gani, Oddleif? Nesi gani huyo? Ni mimi! Siku kumi na moja naongea mpaka koo limenikauka, leo hii sifa zangu unampa nesi!"

Ingunn akanyoosha mkono azime kinasa sauti, akaurudisha. Mwongozo wake ulikuwa na kurasa nane na haukuyataja haya.

"Wewe huongeagi," Oddleif akasema.

"Niliongea."

"Na ile simu?"

"Hakukuwa na simu yoyote."

Ukamwona anayapitia yote upya, moja moja: kibanda cha milimani, sebuleni, matairi, nyumba ya mjini. Akafika mwisho. Masikio yakamwiva.

"Huyo mume," akasema.

"Ndiyo."

"Ni mimi."

"Ni wewe."

Mikono yake iliyokonda ikashika ukingo wa meza. "Nilimchukia sana," akasema, na machozi yakamtoka mbele ya mgeni, jambo ambalo Brekkvika haijapata kuliona.

"Najua. Nimekusikia."

"Naweza kuja siku nyingine," Ingunn akanong'ona.

"Kaa," wakasema wote wawili.

Oddleif akajifuta uso kwa kiganja. "Ufunguo. Uliuchukua?"

Hapo ndipo Gudveig angeweza kudanganya, wala mtu asingemlaumu. "Niliuchukua," akasema. "Uko kwenye mkoba wangu."

Oddleif akaitikia kwa kichwa mara mbili tatu. "Sawa. Mimi ningemwambia auchukue." Akamgeukia. "Na baada ya hapo? Ulisema nini?"

"Baada ya hapo ulifumbua macho," Gudveig akasema, "nikanyamaza."

Oddleif akaegemea kiti, akafumba macho kama kule wodini.

"Haya," akasema. "Endelea."